Ritifaa

Kompyuta nne za kiwanda nimezipa empaako,
kwa kuwa huku Tooro humsalimu mtu
kabla hujajua umwite nani kwa heshima.
Ya malipo ni Amooti. Ya stoo, Araali.
Ya vikaushio, Atwooki, hupata joto haraka.
Na ile ya mizani, chini kule bandani,
nusu kilomita ya tope kutoka mezani kwangu,
ni Abwooli.

Asubuhi nazibishia hodi kwa waya:
Upo?
Nipo, kwa milisekunde mbili.
Nipo. Nipo.
Kebo inapita darini juu ya magunia ya chai,
panya wameionja mara mbili.

Mwezi wa nne majani yakafurika Kyarusozi
na Abwooli akaanza kuzirai jioni.
Birungi wa mizani hupiga simu:
"Amekufa tena mtu wako."
"Mzime, umwashe."
"Nimemwasha. Ila watu wameshakwenda kulala."

Nikamwambia Abwooli: kila utendalo liandike,
na usijiwekee, nitumie mimi papo hapo,
maana afaye na daftari mfukoni huzikwa nalo.
Nikaketi ofisini na uji, mvua juu ya bati,
batli ikishuka kwenye skrini:

20:09 kilo 31. Jina limepokelewa. Nimeandika.
20:11 kilo 24. Jina limepokelewa. Nimeandika.
20:14 kilo 19. Jina limepokelewa.

Basi.
Nikabisha hodi. Upo?
Mshale ukapepesa peke yake.

Usiku wa pili vilevile.
Usiku wa tatu nikapiga kigingi
kwenye mstari wa mia mbili na saba:
ukifika hapa simama, usivute hata pumzi,
nikupekue mifukoni.
Akasimama.
Kilo: 22.
Jina: Chelang'at.

Nikalitazama hadi uji ukaganda utando.
Programu niliiandika mimi. Hufunga kila jina
kwa alama mbili ndogo, mlango wa mbele na wa nyuma.
Ikafika kwenye ng', ikaiona ritifaa,
ikadhani ndio mlango wa nyuma, ikatoka.
Kikabaki kipande, at,
hakina mwenyewe, hakina pa kupelekwa,
mashine ikaanguka nacho.
Niliijaribu kwa majina ya kwetu:
Kaahwa, Businge, Birungi.
Yote yalipita.

"Ni nani huyu?" nikauliza kwenye simu.
"Yule wa Kapchorwa. Huwa wa mwisho kwenye foleni.
Tunamwambia mashine imekukataa, rudi kesho."
"Na kesho?"
Mvua ilisikika kwanza kwenye bati lao,
kisha kwenye langu.

Amooti, wa malipo, alikuwa ameweka alama
kila Abwooli alipokata mazungumzo katikati.
Nikahesabu. Kumi na moja.
Saa zimo, dakika zimo, hata sekunde.
Kilo hazimo.

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja.
Kushuka bandani kukachukua viatu na dakika ishirini.
Alikuwa amekaa juu ya kikapu, akijifuta matope kwa jani.
Nikamweleza habari ya ritifaa.
Akasema, "Kwa hiyo si mimi."
Kisha akazitaja kilo, jioni kwa jioni,
kumi na tisa, ishirini na sita, kumi na nne siku ile ya mvua ya mawe,
Kiswahili cha mlimani, bila kusitasita,
na Birungi akaziandika kwa kalamu,
akinitazama kila mara kama anayeuliza nani ataziamini.
Nikatia sahihi.

Wiki hii imekuja kompyuta ya tano.
Nikataka kuiita kwa jina lake.
Mtandao ukakataa: herufi hairuhusiwi.
Nikajaribu bila ile alama, nikaifuta mwenyewe.
Kwa hiyo ipo tu pale kwenye kona, haina jina.
Asubuhi naibishia hodi kwa namba,
utovu wa adabu,
nayo hujibu
nipo.